Uchungu wa Kilima Chekundu

Jumatatu, 10 Januari 1944

Daftari hili ni langu mimi Filbert, mwana wa Paskalina, mwenye darasa la nne kasoro mtihani. Hiyo kasoro si kosa langu. Mwalimu siku ile aliuliza mambo ambayo sikuyasoma. Daftari lenyewe lilikuwa la kuandikia mizani ya magome, likanyeshewa pembe moja, Karani Anania akalitupa, nami nikaliokota. Kilichotupwa na mtu mwenye kalamu mbili mfukoni bado kina heshima yake.

Atakayesoma ajue tuko wapi. Shamba letu liko juu ya Yakobi, ukitoka Njombe asubuhi unafika kabla njaa haijakukumbuka. Tunalima mikwinini, miti iliyotoka Amerika ya Kusini. Sijafika huko, ila nasikia kuna milima, baridi na ukungu, kwa hiyo wenyeji wake lazima ni Wabena kama sisi. Gome la mti huu ndilo dawa ya homa. Zamani dunia yote ilipata kwinini kutoka Java. Sasa Java imechukuliwa na Wajapani, na majemadari wanaotetemeka kwa homa huko vitani wananitegemea mimi.

Vilima ni viwili. Kilima cha Chini kina miti myembamba ya gome la manjano, nayo ndiyo watoto wapendwa wa Bwana wetu mzungu. Chetu ni Kilima Chekundu: miti minene, gome lake ndani jekundu kama nyama, haiugui wala haiogopi ukungu. Watu arobaini tunabandua magome hapo na kambi yetu iko pale pale. Mama yangu ni mjane, anabandua upesi kuliko mwanamume yeyote isipokuwa mimi.

Amesoma juu ya bega langu. Anasema nifute maneno mawili ya mwisho. Sifuti.

Alhamisi, 13 Januari

Mvua.

Jumatatu, 17 Januari

Leo kengele imelia wakati si wake. Bwana Kiko amesimama barazani (jina lake lingine liko kwenye barua zake, kiko hakimtoki mdomoni hata akipiga chafya), na Karani Anania akapanda juu ya sanduku kutusomea.

“Serikali yataka kujua nguvu ya magome. Kila kilima kitoe ratili mbili za magome makavu, yapelekwe maabara. Huko watapima uchungu wake. Kilima ambacho uchungu wake hautoshi kitang’olewa, na kambi yake itafungwa.”

“Na sisi watu?” mama akauliza.

“Wazee watarudi kwao. Vijana wameshapatiwa nafasi kwenye mkonge.”

Mkonge! Kaka yangu Enoki alikwenda kwenye mkonge mwaka juzi kwa mkataba wa miezi tisa. Miezi ile tisa haijaisha mpaka leo.

Mama akasema, “Wanapima uchungu gani hao? Waje wanipime mimi. Huyu Filbert nilikuwa na uchungu wake siku mbili, halafu akatoka anacheka.”

Watu wakacheka mpaka Bwana Kiko akauliza kuna nini. Karani akamtafsiria. Bwana akawa mwekundu kama gome letu.

Kisha Karani akasema, “Fungu la Kilima Chekundu atalifunga Filbert, maana anajua tarakimu.”

“Anajua mpaka ngapi?” akauliza Fidelia. Huyu ni msichana wa banda la kukaushia, ana macho mazuri na ulimi wa upupu. Sikumjibu. Mtu aliyebeba watu arobaini mgongoni hajibizani.

Jumatano, 19 Januari

Nimeonja gome la Kilima cha Chini. Nimeonja letu. Yote mawili yaliuondoa ulimi wangu kinywani nikawa naupapasa kwa kidole. Lipi limeshinda sikujua. Kama mimi sijui, mzungu wa maabara atajuaje? Siwezi kuwaachia mama na watu arobaini kwa bahati nasibu.

Kwa hiyo nimefikiri. Nikifikiri huwa sirudi mikono mitupu. Nyuma ya zizi kuna shubiri. Hakuna kiumbe aliyeonja shubiri akasahau. Nimekata majani sita manene, nimeyakamua ndani ya debe, nikaongeza maji, na malimau manane ya bustani ya Padri ili uchungu ushike, kama vile rangi inavyoshikishwa kwenye ukindu. Humo nimeloweka ratili zetu mbili.

Ijumaa, 21 Januari

Maji ya debe yamekuwa mekundu kama chai ya misheni. Nimeyamwaga. Magome nimeyakausha juu ya moto mpaka yakavunjika kwa mlio. Nikalamba kipande kimoja. Mpaka saa hii naandika, ugali, chumvi na mate vyote ladha yake ni moja.

Kilima cha Chini kitakiona.

Jumatatu, 24 Januari

Sampuli zimeondoka kwa lori. Nimewaambia watu wa kambi watulie.

“Umeona nini cha kutufanya tutulie?” wakauliza.

“Mimi ndiye niliyefunga,” nikasema.

Hapo ndipo wengine wakaacha kutulia.

Jumamosi, 5 Februari

Mvua. Jana mvua. Fidelia ameniita bata maji.

Jumatatu, 14 Februari

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza kutoka vizuri, mianzi inatiririka. Jana na juzi sikuandika kwa sababu hiyo.

Jumatano, 23 Februari

Ukungu mpaka saa sita. Karani Anania amesalimiana na mti, “Kamwene,” akidhani ni mama Paskalina. Nilikuwa karibu, nikamwitikia kwa sauti ya mama. Tumeulizana habari za nyumbani mpaka mwisho.

Jumatatu, 6 Machi

Majibu yamekuja.

Karani hakupanda juu ya sanduku. Alisomea chini, na hilo peke yake lilinitia ubaridi. “Kilima cha Chini, sehemu tano na nusu katika mia. Kilima Chekundu,” akakohoa, “moja.”

Kilima Chekundu kuanza kung’olewa tarehe mosi Aprili.

Hakuna aliyelia. Mama akasema tu, “Moja? Hata machozi yangu yana zaidi ya moja.” Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye hakusema ili wacheke.

Jumanne, 7 Machi

Sikula.

Uchungu ule hauwezi kuwa moja. Labda watu wa maabara hawana ndimi.

Alhamisi, 9 Machi

Orodha ya vijana wa kwenda mkonge imebandikwa. Ni kumi na wanane. Jina langu ndilo la kwanza. Karani anasema ni kwa herufi. Nimezipanga herufi zote kichwani na Anderea bado angetangulia, ila Anderea ana mguu mbovu.

Mama ameanza kunishonea suruali ya safari. Haongei. Nimekaa naye miaka kumi na tisa, sikujua kwamba anaweza kutoongea.

Ijumaa, 10 Machi

Leo nitaandika sana, wino ukiisha nitatumia masizi.

Fidelia alinikuta bandani nikigeuza magome yasiyohitaji kugeuzwa.

“Filbert, nani amekata shubiri nyuma ya zizi?”

“Ng’ombe.”

“Ng’ombe wenye kisu?”

“Siku hizi kuna vita, kila kiumbe ana silaha.”

Hakucheka. “Baba yangu ana miaka sitini. Tukifukuzwa hapa hana shamba la kurudia. Ulifanya nini na yale magome?”

Nikamwambia. Nilianza kwa kujisifu, lakini yale maneno yaliponitoka yalikuwa hayana sifa ndani yake.

“Sema wewe au niseme mimi,” akasema.

Tukaenda kwa Karani Anania. Alinisikiliza huku anafuta miwani. Mwisho akauliza, “Shubiri ya nini, kijana?”

“Ya kuongeza uchungu.”

“Nani alikuambia wanapima uchungu?”

“Wewe, Karani. Juu ya sanduku.”

Akavua miwani ambayo alikuwa ameshaivua. “Barua ilisema alkaloidi,” akasema polepole. “Neno lake la Kiswahili sikulipata. Nikaweka uchungu.”

Alkaloidi! Linafanana na jina la mji ambao Mtume Paulo alisahau kuuandikia waraka.

Basi akanifundisha. Ndani ya gome, anasema, wamo ndugu wanne, wadogo wasioonekana kwa macho. Mkubwa wao ni Kwinini. Wadogo zake ni Kwinidini, Sinkonini na Sinkonidini. Wote wanne ni wachungu, ila si kila kilicho kichungu ni ndugu yao. Shubiri ni mpita njia tu. Maabara hawalambi, wanawatoa wale ndugu mmoja mmoja na kuwapima uzito.

“Na ukiwatia kwenye kitu kikali,” akasema, “siki, au limau, wanatoka kwenye gome wanahamia majini. Yale maji mekundu uliyafanya nini?”

“Niliyamwaga.”

“Basi ndugu wanne uliwamwaga nyuma ya zizi, ukapelekea Serikali kuni zilizopakwa shubiri.”

Nikakaa chini. Fidelia naye akakaa. Karani alitutazama, akachukua kofia yake. “Twende kwa Bwana. Mimi nitasema la neno, wewe utasema la debe.”

Nilikuwa nikimsema Karani Anania kwamba ana kiburi cha kalamu mbili. Leo angeweza kunyamaza, akasema, tena akaanza yeye. Nafuta niliyoyasema, isipokuwa yale ya kusalimiana na mti.

Bwana Kiko alisikia yote na kiko kikaanguka. Sijawahi kuona. “Wewe Filiberti,” akasema kwa Kiswahili chake, “mimi taka sampuli, wewe napika supu?”

“Ndiyo, Bwana.”

Akatembea baraza nzima mara tatu. Akasema sampuli mpya ikifika maabara kabla mwezi haujaisha, atasimamisha mapanga. Isipofika, amri ni ile ile. Lori la Serikali linaondoka Makambako Alhamisi. Lori letu limezama tope mpaka tumboni.

“Miguu yako iko mbovu?” akauliza.

“Hapana, Bwana. Ni mizuri kuliko yote Njombe.”

Karani akanikanyaga.

Jumapili, 12 Machi

Nimeondoka alfajiri na ratili mbili za magome ya kweli, yaliyofungwa na Fidelia mwenyewe kwa turubai na kamba, mafundo saba. Alisema mafundo saba ni ili nisifikiri njiani. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Nimefunika magome kwa koti na mimi nimejifunika kwa nyimbo.

Jumatatu, 13 Machi. Makambako

Upepo wa hapa unaweza kumvua mtu jina lake. Nimefika na tope mpaka masikioni, magome makavu kama kitabu cha sala. Lori lipo njia panda. Nikashukuru mapema mno.

Dereva, jina lake Marcelino, mtu wa pande za Songea, amelala chini ya lori, amejifunika magunia matatu na anayatikisa yote. Homa ameitoa bondeni. Kwinini ya dawa imekwisha hapa tangu Krismasi. Yote imekwenda vitani. Dereva mwingine hakuna.

“Alhamisi lori litaondoka?” nikamuuliza.

“Mimi ndiye nitakayeondoka,” akasema, “na sirudi.”

Nikakaa kando ya gurudumu na furushi langu. Mtu anakufa kwa kukosa kwinini, na mimi nimekalia kwinini. Nikiifungua, uzito wa Serikali utapungua na labda wataikataa. Nisipoifungua, lori haliendi na furushi zima ni kazi bure. Basi hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Ila nakiri kwamba hata kama lori lingekuwa na madereva kumi, meno ya yule mtu yalivyokuwa yakigongana nisingeweza kumtazama tu.

Nikakata mafundo saba. Mambo yale ya limau yakanirudia: ndugu wanne hawapendi maji matupu, wanataka kitu kikali. Makambako nzima sikuona limau. Lakini mama Ida wa kilabuni alikuwa na ulanzi wa siku nne, mkali hata nzi walikuwa wakiuzunguka kwa adabu.

“Unaniharibia ulanzi,” akasema aliponiona naponda magome.

“Naufundisha kazi, mama.”

Jumanne, 14 Machi

Ulanzi umekuwa mwekundu. Ndugu wametoka! Marcelino alipiga funda moja, akafumbua macho yote mawili kwa mara ya kwanza.

“Mama yangu! Hii ni nini?”

“Dawa.”

“Homa ilikuwa inaniua polepole. Wewe una haraka gani?”

Nikambana pua, mama Ida akamshika miguu. Kikombe kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Alitapika kimoja, tukamrudishia.

Jumatano, 15 Machi

Homa imeshuka. Marcelino ameketi, amekula ugali. Lakini sasa amekuwa kiziwi. Anasema ndani ya kichwa kuna mzinga wa nyuki na nyuki wenyewe wanaimba kwaya. Karani aliwahi kusema kwinini ikizidi masikio huvuma, nikadhani ni maneno ya Walutheri wenzake tu. Nimepunguza kikombe.

Kwa kuwa hasikii sauti yake, anazungumza kwa sauti ya kuita mtu ng’ambo ya mto. Alitaka kumnong’oneza mama Ida jambo la moyoni. Makambako nzima sasa wanalijua, na mume wa mama Ida anakuja.

Alhamisi, 16 Machi

Tumeondoka mapema kuliko ratiba, kwa sababu ya yule mume.

Dereva asiyesikia honi ni hatari, kwa hiyo mimi nimekuwa masikio ya Serikali. Tulipatana: nikimpiga goti, asimame; nikimvuta mkono wa shati, kuna gari nyuma. Tulikwenda salama mpaka nikasinzia. Nilipoamka, gari la afisa wa jeshi lilikuwa limepiga honi nyuma yetu kwa maili nne. Likatupita, likasimama mbele, afisa akashuka.

“Wewe kiziwi?” akauliza.

“Magunia arobaini, Bwana!” akajibu Marcelino kwa furaha. “Na posta ya Njombe!”

Afisa akanigeukia. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja ukiwa na simba ndani yake. Nikamweleza ukweli kuhusu gome, homa na ulanzi. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake na akauliza kama kuna kikombe kilichobaki. Nyuma ya gari lake kulikuwa na askari anayetetemeka.

Kilikuwepo.

Ijumaa, 17 Machi. Iringa

Nimepima furushi posta kabla ya kulikabidhi. Ratili moja na robo tatu. Nimeandika karatasi kwa mkono wangu, nikaitia ndani: *Robo ratili imenywewa na dereva wa Serikali, naye amepona, lakini anapiga kelele. Sikutia shubiri. Filbert.*

Jumatano, 22 Machi

Nimerudi kambini. Mama alinishika uso kwa mikono miwili kama anayekagua boga. Kisha akaanza kuongea, na mpaka sasa hajanyamaza. Nimelifurahia kila wingu la maneno yake.

Jumamosi, 1 Aprili

Hakuna aliyeng’oa. Bwana Kiko anasubiri. Mapanga yamepangwa ukutani, yamenolewa.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Fidelia alisimama mistari miwili mbele yangu kanisani. Sikumbuki mahubiri.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua. Kuna wimbo wa vijana wanaokwenda mkonge, tunauimba kwa mzaha. Mama amesema tuuache.

Ijumaa, 5 Mei

Majibu.

Karani alisomea chini tena. “Kilima Chekundu. Kwinini, sehemu moja na robo tatu katika mia.”

Mtu akasema “Ee Mungu.” Mimi niliangalia miguu yangu, ile mizuri kuliko yote Njombe, isiyo na faida.

“Msilie, sijamaliza,” akasema Karani, na sauti yake ilitetemeka kuliko Marcelino. “Ndugu wote wanne pamoja: saba na robo! Kilima cha Chini mkubwa wao ni mnene, lakini ukoo wetu ndio mkubwa. Kwa wakati huu wa vita dawa inatengenezwa kwa ndugu wote wanne bila kubaguana. Kwa hiyo,” akapanda juu ya sanduku, “Kilima Chekundu chote kikatwe.”

“Kikishindwa kinang’olewa,” mama akasema, “kikifaulu kinakatwa. Huo ni mtihani wa namna gani, Karani?”

Bwana Kiko akaeleza mwenyewe, kwa mikono. Miti haing’olewi, inakatwa shubiri moja juu ya ardhi, gome linabanduliwa lote, na shina linachipua upya. Kazi ya miaka mitatu. Watu arobaini hawatoshi, wanatakiwa thelathini zaidi. Orodha ya mkonge akaichana.

Mimi niliposikia “shubiri moja” nilishtuka, Fidelia akanipiga kiwiko. “Ya mkono, mjinga. Si ya kunywa.”

Barua ilikuwa na maneno mawili ya mwisho. La kwanza: aliyefunga sampuli ya kwanza asiguse sampuli nyingine mpaka vita viishe. La pili: aliyeleta sampuli ya pili apewe shukrani za Serikali. Karani alisoma yote mawili bila kutaja jina. Nimefukuzwa na kupongezwa kwa stempu moja.

Jumatatu, 8 Mei

Leo tumeanza. Anga safi, hakuna wingu. Bwana akaamuru mti wa kwanza niukate mimi.

Nilisimama mbele yake na shoka. Nilitembea siku mbili kwenye tope ili mapanga yasiguse mti huu. Nikaweka mkono juu ya gome.

“Piga basi,” Fidelia akasema. “Au ulitaka kuuoa?”

Nikapiga. Mimi ni hodari wa shoka, kila mtu anajua, ndiyo maana sikuangalia unakoelekea. Mti ukalia, ukageuka, ukaanguka juu ya baiskeli ya Karani Anania, aliyokuwa ameiegemeza hapo asubuhi ili ashuhudie. Gurudumu la nyuma lilizunguka peke yake kwa muda, kisha likaacha.

“Nani?” akauliza Karani.

Nikafungua mdomo kusema ni upepo. Watu arobaini wakainua vichwa kutazama. Hakuna jani lililotikisika kilima kizima.

“Ni mimi, Karani,” nikasema.

Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaitazama foleni ya watu wenye mashoka inayoshuka mpaka bondeni ikingoja.

“Haya,” akasema, akarudi nyuma hatua kumi. “Mti wa pili.”